Kwa Nini Nyuzi za Mwili Hujipanga Zenyewe Kichwani

Zama hizo tumbo la mama lilikuwa halijajua kumaliza kazi yake. Mtoto alizaliwa utosi wazi, na nyuzi za mwili wake zikining'inia humo ovyo: za kidole, za shavu, za kisigino. Ilibidi fundi aitwe azisuke, kila uzi mahali pake, ndipo kichwa kijue kilichoguswa ni nini.

Fundi aliyesifika alikuwa Bi Mwasiti, msusi wa mikeka, na sifa zilikuwa zimemlevya. Wifi yake, Mwanaiki, alipojifungua, Bi Mwasiti hakuhangaika kufuata uzi upi umetoka wapi. Alizipanga kwa rangi, nyekundu na nyekundu, nyeupe na nyeupe, kama anatia nakshi mkeka wa bi harusi. Wanawake walipochungulia walipiga vigelegele, naye akajichekea weee.

Mtoto hakunyonya. Titi likimgusa shavuni alirusha mguu. Akiguswa kisigino alifungua mdomo na kunyonya hewa. Siku ya pili sauti ilikuwa imemkauka.

"Maziwa yake machungu," wanawake walinong'ona. "Mama gani huyo, mpaka mwanawe anamkataa?"

"Wifi, nimekosa nini mimi?" Mwanaiki aliuliza huku akilia.

Bi Mwasiti alijua. Alijua tangu mguu ule uliporushwa mara ya kwanza. Lakini alisema, "Mpe muda, wifi yangu," akaenda zake. Aibu ilimkaba, na bado alinyamaza, mwenzake akisimangwa kwa kosa lisilo lake.

Siku ya tatu mtoto hakulia tena. Bi Mwasiti aliingia, akapiga magoti mbele ya wote.

"Maziwa hayana kosa. Ni mimi. Nilisuka mapambo."

Hakuna aliyemwinua. Mwanaiki alimsogezea mtoto. "Fumua," alisema.

Alifumua uzi mmoja mmoja. Mikono yake ilinuka mvuje, dawa ile kali aliyokuwa amemfungia mtoto mkononi kumkinga na vijicho, na nyuzi zilirudi nyuma kwa kuikimbia harufu. Nyingine zilikimbia mbali, nyingine zilivumilia. Zilizotoka mahali pamoja zilivumilia sawasawa. Basi alipaka mvuje humo kichwani, mzito upande mmoja, ukipungua kidogo kidogo hadi upande wa pili, kisha akaondoa mikono. Kila uzi ulitambaa mpaka harufu ilipoushinda, ukatulia hapo, jirani kando ya jirani.

Titi lilimgusa mtoto shavuni. Aligeuka, akanyonya. Mwanaiki alimnyonyesha akiwa amempa wifi yake mgongo.

Na tangu siku hiyo tumbo la mama lilijifunza kazi hiyo: kila kiumbe anyonyaye hupakwa harufu zake akiwa bado humo, nyuzi zikajipanga zenyewe bila fundi. Mguse mtoto mchanga shavuni, utamwona anageuza mdomo kutafuta, na watu hucheka kwa furaha. Bi Mwasiti aliyaona hayo kwa watoto wengi kabla hajafa, na kila mara aliinamisha uso, kwa kuwa zile siku mbili alizonyamaza hakuna aliyeweza kumfumulia.