Sange na Mita Iliyolia Msiba

— Enyi wa mkekani, mpo?
— Tupo, tumesogeleana.
— Masikio mmeyaacha nyumbani?
— Tumekuja nayo, yote mawili.
— Basi yatoeni, inakuja.

Hapo kale, lakini si kale sana maana pikipiki zilikuwapo, aliishi Sange. Sange ni yule mnyama mdogo kama panya, pua ndefu, miguu myepesi. Alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoachiwa na shangazi yake. Kiangazi kikifika aliifunga madumu, akaenda chemchemi ya mbali, tu-tu-tu-tu, akawaletea maji wanyama wadogo. Bila pikipiki ile wangekufa kwa kiu.

Pikipiki ile ilikuwa na maajabu yake. Juu ya usukani palikaa mita ya spidi, kioo cha duara chenye mshale mwekundu. Sange akienda polepole, mshale unapanda polepole. Akikimbia, mshale unakimbia. Nani kauambia? Sange alikwisha kuifungua, akaona waya mwembamba unaotoka gurudumu la mbele na kupita ndani ya mrija wa mpira mpaka kwenye mita. Gurudumu likizunguka, waya unazunguka, mshale unapanda. Kujua hivyo hakukumpunguzia mshangao, kulimzidishia.

Kiangazi kimoja mita ikaanza kulia. Kwiii, kwiii, kwiiiii. Waya ulikuwa umekauka grisi. Sange akaiegesha pikipiki kivulini, akatoa spana na kopo la grisi. Kabla hajalegeza nati, akasikia hodi. Akageuka, akamwona Chui.

"Shikamoo, Mzee Chui."

"Marahaba. Hiki ndicho chombo kinachomshinda swala mbio?"

"Ndicho, mzee."

"Basi tangu leo ni changu. Wewe panda nyuma, unielekeze. Nitapita kijiji kwa kijiji, nile hawa, nile wale, na nikishiba nitakumalizia wewe."

Sange aliogopa, tusimfichie. Lakini akalisukuma kopo la grisi chini ya majani, akapanda nyuma, akajifunga kaniki nyeusi kichwani kama mfiwa.

Sasa, msitu ule una desturi yake. Kilio kikisikika njiani, kila mtu anatoka na mkeka kwenda kumpa pole mfiwa. Haulizwi adui, haulizwi rafiki. Na mfiwa hali nyama wala hamwagi damu penye msiba, la sivyo kifo kitamfuata nyumbani kwake. Hata Chui aliliogopa jambo hilo.

Chui akapiga kiki. Tu-tu-tu-tu, kwiii, kwiii. Wakafika kijiji cha Kanga. Sange akavuta kaniki usoni, akaangua kilio, akakifuatanisha na mlio wa mita. Kanga wakatoka wote, na mikeka mabegani. Bibi Kanga akamshika Chui mkono.

"Pole, Bwana Chui. Nani katutoka?"

"Hakuna aliyekufa. Kinacholia ni mita."

Bibi Kanga akatikisa kichwa. "Majonzi yamempanda kichwani. Mshikeni, asije akaanguka."

Wakamshika, wakamkalisha mkekani. Sange akamnong'oneza, "Taja mmoja, mzee. Usipotaja hawatakuachia."

"Mjomba," Chui akasema. "Ni mjomba wangu."

Hapo Kanga wakalia hasa. Walimwegemea Chui begani, wanono, wa moto, na yeye hawezi kugusa hata unyoya. Mate yakamdondoka, wao wakayadhani machozi. Sange alikuwa amelia kwa hila. Lakini alipowaona Kanga wanamfuta uso mtu ambaye kesho angewatafuna, mwili ukamsisimka, na machozi yaliyofuata yalikuwa ya kweli.

Tu-tu-tu-tu, kwiii, kwiii. Wakafika kwa Swala. Swala wakatoka na mikeka.

"Pole, Bwana Chui. Nani katutoka?"

"Shangazi yangu."

Wakalia, wakamwegemea, mate yakamdondoka.

Tu-tu-tu-tu, kwiii, kwiii. Wakafika kwa Ngiri. Ngiri wakatoka na mikeka.

"Pole, Bwana Chui. Nani katutoka?"

"Babu," Chui akasema, sauti imemkauka.

Wakalia, wakamwegemea. Safari hii hata mate hayakumtoka.

Walipotoka pale Chui akasimamisha pikipiki katikati ya njia. Alikuwa na njaa ya kumtia kizunguzungu.

"Sange. Jamaa zangu wamekwisha. Kijiji kinachofuata nitamtaja nani?"

Sange akasema kwa adabu, "Mzee, umebaki wewe."

Chui akazima injini. Akashuka, akaanza kuisukuma taratibu. Gurudumu likazunguka. Kwiii. Akaruka pembeni.

"Hata ikizimwa inalia?"

"Inalia, mzee. Imekuzoea."

Chui akaitazama mita, akautazama mshale mwekundu unaotetemeka ndani ya kioo, na manyoya ya mgongo yakamsimama. "Kaa nayo wewe," akasema. "Wewe una ukoo mkubwa." Akakimbia kwao kutazama kama mjomba bado anapumua.

Sange akarudi kivulini. Akalegeza nati, akauvuta waya, mkavu kama ukuni. Akaufuta vumbi, akaupaka grisi kutoka ncha hii mpaka ncha ile, akaurudisha, akakaza. Wanyama wadogo wakaja na madumu yao, wakamzunguka. Sange akainua gurudumu la mbele, akalizungusha. Kimya. Mshale ukapanda wenyewe, taratibu, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Amenyamaza," Bibi Kanga akanong'ona. "Mfiwa amepoa."

Sange hakumsahihisha. Akafunga madumu, akaenda kuteka maji.

Na mjomba wa Chui? Yuko mzima. Akipita kijiji cha Kanga, Kanga wote wanasimama, wanainamisha vichwa, hawasemi neno mpaka marehemu apite. Naye mpaka leo hajui kafanya wema gani.

Funzo lake, wanangu, ni hili: mwenye pikipiki kuukuu asipoteze grisi yake. Mita ikilia, iache ilie. Na ukimwona chui njiani, simama umpakie.

Hadithi yangu imeishiwa petroli. Anayeitaka zaidi aisukume hadi kwao.