Mazoezi ya Fisi

"Pishi tatu, Fisi! Pishi tatu za mtama, na mwaka wenyewe huu wa ukame! Rudisha!"

"Nirudishe nini, Mama Pacha? Miguu hiyo nani kakupa?"

"Mama yangu aliyenizaa!"

Ndivyo walivyoingia barazani kwa Simba, Swala mbele, Fisi nyuma na tumbo lake. Simba alikuwa akichana manyoya. Hakupenda kesi za mtama; alizoea kesi za nchi.

Chanzo chake hiki hapa. Visima vya karibu vilikauka, kikabaki kimoja tu, kule mbali, na njiani alijibanza Chui. Swala alikuwa amejifungua pacha. Mgongo ulimuuma, pumzi ilimkatika, na Chui alikwisha kumkosa mara moja kwa ukucha. Kufanya mazoezi alitaka, lakini saa ngapi? Alfajiri maji, asubuhi kinu, mchana kuni, jioni kunyonyesha, na hapo mmoja akilala, mwenzake yuko macho.

Fisi akanusa shida kama anavyonusa mzoga. "Njoo kwangu, mama. Mimi ni mwalimu wa mazoezi. Pishi tatu tu, Chui hatakuona ila kisogo."

Mwalimu! Huyo aliyekuwa akihema kwa kugeuka ubavu!

Swala akatoa akiba ya wanawe, akaenda. Somo la kwanza, Fisi akamkabidhi mtungi. "Kachote maji." Somo la pili, mchi. "Twanga." Somo la tatu, ufagio. Mwenyewe kajilaza mkekani, anapiga kelele: "Moja! Mbili! Kaza mgongo!"

"Mwalimu," Swala akauliza, "haya si ndiyo ninayofanya nyumbani?"

"Kwako ni kazi. Kwangu ni mazoezi."

Basi Swala akirudi kwake anaanza upya: mtungi, mchi, ufagio. Maziwa yakapungua. Pacha wakalia njaa, na mtama wao uko tumboni mwa mwalimu. Hapo ndipo alipoacha masomo na kudai chake.

Simba akapiga miayo. "Fisi, una la kusema?"

"Bwana mkubwa, mtazame! Alikuja kama gunia, leo kama mshale. Kazi ya nani hiyo?"

Kweli Swala alikuwa kama mshale. Wanyama wakaanza kunong'ona kwamba labda Fisi ana haki.

Sungura akainuka pale nyuma, masikio yamesimama. "Mwalimu, mimi mjinga, nieleweshe. Swala alipochota maji yako, miguu ilipata nguvu?"

"Ilipata sana!"

"Na akichota ya watoto wake?"

Fisi akauona mtego. Akisema ndiyo, amemuuzia mtu mali yake mwenyewe. "Hapana! Hayo ni maji tu. Mazoezi ni kule kuhesabiwa."

"Ahaa. Kumbe moja, mbili. Basi angemwita Kasuku, angehesabiwa mpaka kumi kwa punje tano."

Baraza zima likacheka. Fisi naye akacheka, ndiyo tabia yake, hata akichekwa yeye.

"Miguu hii nitaisema mimi," Swala akadakia. "Nilipoacha kwake, nilikuwa na safari moja ya kisimani badala ya mbili. Nikaikimbia. Kwenda nafukuzana na wanangu, kurudi nabeba mtungi mwendo wa haraka, na nikitwanga nabadilisha mkono. Sikutafuta saa nyingine, sina. Juzi Chui karuka, kaambulia vumbi. Fisi anidai nini? Vumbi?"

Simba akanguruma, si kwa huruma, bali kwa kuwa amecheleweshwa. "Mimi Simba sisikilizi neno mtama mara mbili. Rudisha!"

"Umeshaliwa, bwana mkubwa."

"Basi utatwanga kwa majirani kwa ujira mpaka pishi tatu zitimie. Na Swala ndiye msimamizi."

Kesho yake jua halijapanda, Fisi kashika mchi. Alipiga mapigo machache, akauachia, akaanguka chali. Ulimi nje, tumbo juu.

"Mama Pacha, kazi hii itaniua!"

"Kwako ni kazi," Swala akasema, mtoto mmoja ananyonya, mwingine anamparamia mgongoni. "Kwangu ni mazoezi. Moja! Mbili! Kaza mgongo!"

Majirani wakatoka kutazama. Fisi alipoona amezungukwa na vicheko, akajitia unyonge, akalaza masikio.

"Tusameheane, mama, sisi ni majirani. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Basi nami nimeingia. Nitoe."

"Kuingia umeingia," akajibu Swala. "Leta pishi zangu tatu."