Plau Halina Miguu

Haya, sogeleaneni kidogo, wenye watoto wapakateni. Leo nawapeleka shambani, na sitaki kuchafua viatu peke yangu.

Huko nyanda za juu, kwenye udongo mwekundu ule unaoganda kisiginoni mpaka mfupi anakuwa mrefu, alikuwako mkulima mmoja aliyelima kwa ng'ombe jozi moja miaka tisa. Ng'ombe wenyewe waliitwa Sukari na Jemedari. Yeye alishika plau nyuma, mkewe alitangulia mbele na kamba mkononi. Wasiojua kilimo hicho wanisikilize: mshika plau anatazama udongo. Anayetangulia ndiye anayefuatwa na ng'ombe.

Mke akasafiri wiki tatu kwenda kumwogesha mjukuu. Aliporudi, zizi lilikuwa tupu. Uani pamesimama trekta jekundu, dogo kiasi kwamba kuku walikuwa wameshapanda kwenye kiti.

"Mama Lusekelo, umeona?" Mume alikuwa akilipangusa boneti kwa shati lake la Jumapili.

Mke akatua mzigo. Akalitazama trekta, akalitazama zizi.

"Hongera," akasema, akaingia jikoni.

Akina baba, mnaijua hongera hiyo? Mimi nimeishi nchi nne, nimetukanwa kwa lugha nisizozijua, lakini sijawahi kusikia neno zito kama lile. Tangu siku hiyo mama yule alisema mambo mawili tu: asubuhi, "Maji tayari," na jioni, "Chakula tayari." Mume naye akajifariji moyoni: kanuna yeye, atakuja yeye; mimi ndiye mwenye nyumba. Akasubiri siku ya kwanza, siku ya tatu, siku ya saba, na kila siku chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha ila hakikuwa na ladha.

Wakati huo mvua za kwanza zikashuka, udongo ukalainika, majirani wakaanza kupanda. Ikabidi afunge kwenye trekta plau jipya lililokuja nalo.

Fundi aliyelileta alikuwa amemwonyesha. Nyuma ya trekta kuna mikono miwili ya chuma, kushoto na kulia, kila mmoja una tundu mwishoni. Plau lina pini mbili. Tundu linavaa pini, huku na huku, kisha mkono wa tatu unafungwa juu. Fundi akauliza, "Mzee, umeelewa?" Naye akaitikia kwa kichwa. Si ndivyo tulivyo? Mwanamume akiulizwa kama ameelewa, kichwa kinaitikia kabla sikio halijamaliza kusikia.

Basi akafanya alichokijua. Kwa ng'ombe, wewe husimamisha ng'ombe wako, unalinyanyua plau, unalipeleka walipo, unafunga mnyororo, kazi imeisha. Kwa hiyo akalisimamisha trekta katikati ya uwanja, akashuka, akaliendea plau lililokuwa karibu na jikoni, akalivuta.

Plau lile lilikuwa na diski tatu na uzito wa ng'ombe asiye na mpango wa kuamka.

Akawaita waimbaji wanne wa besi wa kwaya. Wakalifunga kamba, wakalivuta kwa wimbo, uwanja mzima ukachimbika. Baada ya saa nzima likafika, limekaa upande. Tundu la kushoto likavaa pini. La kulia likakosa kwa vidole vinne. Wakalisukuma: la kulia likavaa, la kushoto likatoka. Besi mmoja akapondwa kidole cha mguu, akapanda mpaka sauti ya kwanza.

"Baba Lusekelo," mwingine akahema, "si ulisema umenunua hili ili upumzike?"

"Na ng'ombe ulituambia hawana akili!" akadakia wa tatu. Wakacheka, wakalikokota plau tena mpaka karibu na jikoni, watu wasije wakajikwaa nalo, wakaenda zao wakichechemea.

Akabaki peke yake. Akampigia simu fundi.

"Umelivuta?" Nadhani fundi aliziba simu acheke kwanza. "Mzee wangu, plau halina miguu. Mwenye injini ndiye anayerudi nyuma. Rudi taratibu, shuka uangalie. Ukikosa kwa vidole viwili, usilipige teke plau, sogeza trekta. Hata mara kumi. Na uwe na mtu wa kukuangalizia, asimame pembeni. Peke yako utazeeka juu ya kiti."

Mkulima akapanda, akawasha, akageuza shingo kulitazama plau. Na hapo, nyuma ya plau, kwenye mstari uleule, akamwona mkewe mlangoni pa jikoni, ungo mapajani, anachambua maharage. Siku tisa amekaa palepale. Siku tisa yeye amekaa huku, akisubiri.

Akazima injini. Akashuka. Akavuka uwanja kwa miguu, mwanamume mzima, viganja vimetota jasho kama siku ya kwenda kuposa.

"Mama Lusekelo. Kama nilikukosea, nisamehe."

"Kama?" Mke hakuinua macho.

Jamani, kakosa kwa vidole vinne. Afanyeje? Alipige teke plau? Akavuta pumzi, akarudi tena.

"Niliwauza Sukari na Jemedari bila kukuuliza. Nilikukosea."

Maharage yakaacha kulia kwenye ungo.

"Ulimwambia aliyewanunua kwamba Sukari anaogopa maji? Kwamba mtoni lazima aimbiwe?"

"Sikumwambia. Sikujua."

"Miaka tisa!"

"Mimi nilikuwa nyuma, mke wangu, natazama udongo. Wewe ndiye uliyekuwa mbele yao."

Mke akafuta uso kwa ncha ya khanga. Ndipo likatoka lile lililokuwa chini ya yote, maana hakuwa amewalilia ng'ombe peke yao.

"Hilo trekta lako, Baba Lusekelo, lina kiti kimoja. Mimi mahali pangu ni wapi sasa?"

Mume akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia.

"Kiti ni kimoja, kweli. Lakini wanaume watano tumelivuta lile plau asubuhi nzima, halikufungika. Nimeambiwa halifungiki bila mtu wa kutazama. Na mimi, wewe unajua, sijui kutazama. Kesho tutakwenda kwa aliyemnunua Sukari, umweleze mwenyewe habari za maji."

Mke akaweka ungo chini. Akaja akasimama pembeni, mahali anapoonekana, akainua mkono.

"Njoo... njoo, baba... polepole... hooo!"

Ilikuwa sauti ileile aliyomwitia Sukari. Trekta likaja kinyumenyume, likasimama kwa adabu. Likakosa kidogo. "Mbele kidogo. Haya, njoo tena." La kushoto likavaa. La kulia likavaa. Mkono wa juu mke akaufunga mwenyewe, akaupiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe mgongoni.

Jioni ile hakusema, "Chakula tayari." Alisema, "Njoo tule."

Sasa, ndugu zangu, nawaona. Kuna mama hapa ameshamkanyaga mumewe mguu. Subirini. Sikuja kusema habari za ndoa peke yake. Nauliza hivi: kati yako na yule mliyenuniana, nani mwenye injini? Nani mwenye cheo, mwenye umri, mwenye nyumba, mwenye kusikilizwa akisema? Kwa nini basi tunakaa juu ya kiti, injini inanguruma, tunamsubiri asiye na miguu aje kwetu? Mungu mwenye nguvu zote hakukaa juu kutusubiri tujikokote. Yeye ndiye aliyetujia. Sisi ni nani?

Nami sijamaliza, ingawa ningependa kumalizia hapo. Kuna baba mmoja alikuwa akikaa mbele hapa, benchi la wazee. Miezi minne sasa anakaa lile la mwisho karibu na mlango, tangu siku niliyomkata kauli kikaoni, nikawachekesha watu kwa kumdhihaki. Mnajua napenda kicheko. Miezi minne mchungaji wenu anapiga magoti: Bwana, mrudishe mzee wetu mbele. Yaani namwombea plau liote miguu.

Baba, usitoke. Sitasema "kama". Kwaya iimbe ubeti mmoja, taratibu. Nakuja huko nyuma.