Mfinyanzi Aliyegeuza Uso

Mfinyanzi mmoja wa milimani Upare, jina lake Namkunda, alikuwa na binti aliyeanza shule mwaka ule. Vyungu vyake vilisifiwa hata na watu wa tambarare, lakini furaha yake yote ilikuwa mtoto huyo, Nakiete. Sasa masikio ya Nakiete yalikuwa bado hayajazitenga sauti. Kwake e na i zilikuwa kitu kimoja, na o na u vilevile. Mwalimu akasema wazi kwamba asipozitenga kabla ya shule kufungwa, atarudia darasa la kwanza huku wenzake wakisonga mbele. Namkunda aliposikia hayo aliingiwa na hofu. Yeye mwenyewe aliacha shule kwa sababu ya kuchekwa, na hakutaka mwanawe apite njia hiyo.

Basi kila jioni, akishafunika udongo wake, alimkalisha mtoto mbele yake, uso kwa uso. Mama anatamka sauti, mtoto anataja herufi. Akipata, mama anang'aa. Akikosa, mama anakunja uso, na mtoto anabadilisha jibu chapuchapu kabla hata hajaambiwa kitu. Haukupita muda mrefu Nakiete akawa hakosi hata moja. Mama akatamba kwa majirani, eti mwanangu ameiva! Kumbe wapi. Shuleni mwalimu alisoma maneno akitembea nyuma ya madawati, na Nakiete akakosa karibu yote, akarudi nyumbani macho yamemvimba. Namkunda akamwita mzembe. Alijuta papo hapo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Msimcheke, ndugu zangu, maana nyumba zetu ni hizo hizo.

Siku ya gulio wakateremka pamoja na vyungu vyao. Katika gulio lile kuna desturi. Anayetaka chungu hukipokea, humpa muuzaji mgongo, ndipo hukigonga kwa kidole karibu na sikio. Chungu kizima hulia vizuri, na chenye ufa hukoroma. Hakuna muuzaji anayenuna kwa kugeuziwa mgongo, kwa kuwa wote wanajua kwamba uso wa mwenye mali nao unauza, na anayeutazama anaweza kununua tabasamu, akafika nalo nyumbani likavuja. Namkunda alikuwa amepewa migongo ya wateja miaka yote ya kazi yake, wala hakuwahi kuiwazia. Nakiete alikaa katikati ya vyungu akiwatazama watu wakigeuka mmoja baada ya mwingine.

Jioni ile mama akaketi mahali pake pa siku zote, akajifunga kanga vizuri, akafungua kinywa kuanza. Mtoto akainua mkono kumzuia.

"Mama, leo geukia kule. Uso wako unaniambia, halafu mimi sisikii."

Loo! Namkunda alitaka kumkemea, akashindwa. Aibu ilimpata, na ilikuwa aibu nzuri, ile inayomwacha mtu mwepesi. Akageuza kigoda chake, akautazama ukuta, akatamka sauti moja. Kimya. Kimya kile kilimtesa kuliko moshi wa kuchomea vyungu. Ulimi ulimwasha kusaidia, akauzuia. Mtoto akaomba arudie, akarudia. Jibu likaja, na halikuwa sahihi. Mama hakugeuka wala hakuguna. Alizitamka zile sauti mbili tena, moja kisha nyingine, kama mtu anayegonga vyungu viwili asijue kipi kina ufa, akanyamaza. Nyuma yake akamsikia Nakiete akizitamka mwenyewe kwa sauti ya chini, akizirudia, akizionja kinywani. Kisha akamsikia anacheka peke yake. Mama naye akacheka pale ukutani, machozi yakimlengalenga.

Jioni zilizofuata makosa yalikuwa mengi kuliko zamani, na Namkunda hakuwa na la kuwatambia majirani. Lakini sasa yalikuwa makosa ya mtoto mwenyewe, na kwa kuwa yalikuwa yake, aliweza kuyaacha. Yakapungua taratibu. Shule ilipokaribia kufungwa mwalimu alisoma tena maneno akiwa nyuma ya madawati, na Nakiete akaandika bila kuinua kichwa kumtafuta. Akapanda darasa. Mama yake akapika makande siku hiyo, akawaita majirani wale wale, na safari hii hakutamba. Alikula tu, ameridhika, akimsikiliza binti yake akisoma maandishi ya kwenye gunia la mahindi.

Nanyi wazazi, nanyi walimu, nasi tunaosimama mbele za watu kuwaambia lililo jema: yule unayemfundisha, ukigeuza uso leo, atabaki anasikia nini?