Jiwe Mdomoni mwa Chemchemi

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa na nini?

Pakawa na kilima, pakawa na jiwe, pakawa na kamba mbili.

Na anayesinzia?

Aamshwe.

Basi mwamsheni huyo aliyeegemea mtungi, maana mimi sirudii mwanzo kwa ajili ya mtu.

Hapo zamani za kale, wanyama wa kilima kimoja walikunywa maji ya chemchemi moja. Chemchemi ilikuwa juu mgongoni mwa kilima. Mashariki yake alikaa Mzee Ndovu na ukoo wake. Magharibi alikaa Mzee Mbogo na ukoo wake. Na chini, mteremko ulipokaribia bonde, alikaa Bi Fuko na watoto wake watatu, katika nyumba ya udongo aliyoichimba kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka ule mvua ilipiga, ikapiga, ikapiga. Jiwe kubwa likang'oka kileleni, likabingirika mpaka kwenye chemchemi, likakaa mdomoni mwake kabisa. Mvua ikaisha, jua likawaka, na maji hayakutoka tena.

Wazee wakakutana. Wakasema, "Tutalivuta siku tatu. Siku ya tatu likikataa, tunahama. Kuna mto ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku nne."

Mwendo wa siku nne. Kwa Ndovu si kitu, ni matembezi ya kushusha chakula. Lakini fuko ni mtu wa chini ya ardhi; akitembea juani mchana mmoja tu, amekwisha. Bi Fuko aliposikia maneno yale aliwatazama watoto wake, akaogopa. Wenzake wakihama, yeye na wanawe watabaki na kiu yao.

Siku ya kwanza kamba mbili zikafungwa kwenye jiwe. Sasa sikilizeni mila ya watu wale, maana kila nchi na vituko vyake. Kwao mtu huvuta kamba kuelekea nyumbani kwake. Ukivuta kuelekea kwa mwenzio, umekuwa mtu wa nyumba yake, akikutuma, unakwenda. Kwa hiyo Ndovu akavuta kuelekea mashariki, na Mbogo akavuta kuelekea magharibi. Kima, mwenye sauti, akapanda juu ya jiwe kuongoza wimbo:

"Vuta kwako, vuta kwangu, jiwe letu litoke!"

Wakavuta. Kamba zikalia. Jiwe likakaa.

"Nguvu hazitoshi," akasema Ndovu.

Siku ya pili Ndovu akaja na kaka zake wawili. Mbogo kuona hivyo, akaja na kaka zake sita, asije akaonekana mnyonge. Kima akapanda juu ya jiwe:

"Vuta kwako, vuta kwangu, jiwe letu litoke!"

Wakavuta mpaka kwato zikazama. Kamba zikalia zaidi. Jiwe likakaa.

Bi Fuko alikuwa pale pembeni. Macho yake hayaoni mbali, lakini viganja vyake husikia kila kinachopita ardhini. Akaviweka chini. Akasikia ardhi inasukumwa kutoka mashariki, tena inasukumwa kutoka magharibi, sawasawa. Akarudi nyumbani anawaza.

Akawakuta watoto wawili wanagombania kiazi. Huyu kavuta huku, huyu kavuta kule, jasho linawatoka, na kiazi kiko palepale. Mara yule wa tatu akaingia, akashika upande wa kaka yake. Kiazi kikaenda, na aliyebaki peke yake akaenda nacho, analia.

Bi Fuko akacheka kidogo. "Kumbe nguvu zipo," akasema. "Zinakulana."

Siku ya tatu ikafika. Watu walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Bi Fuko akawatoa watoto wake nyumbani, akawaweka kwenye kivuli cha kichaka kando ya mteremko, akapanda kilimani taratibu huku jua linamchoma mgongo.

"Shikamoo, Mzee Ndovu. Shikamoo, Mzee Mbogo."

"Marahaba, Bi Fuko. Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kuwaambia jambo. Mnavuta vizuri, lakini Ndovu anakula nguvu za Mbogo, na Mbogo anakula nguvu za Ndovu. Jiwe halipati hata chembe. Vuteni upande mmoja."

Mbogo akapuliza pua. "Upande wa nani? Nikivuta kwa Ndovu, kesho watoto wangu watatumwa kuchanja kuni kwake."

"Na mimi nikivuta kwa Mbogo," akasema Ndovu, "mababu zangu watanicheka."

"Basi vuteni kuelekea kwangu."

Kima, aliyekwisha kupanda juu ya jiwe, akaanguka kwa kicheko. Ndovu akacheka, Mbogo akacheka, kilima kizima kikacheka. Nani ataona aibu kuwa mtu wa nyumba ya fuko? Mwenye nyumba ya udongo ambamo Ndovu hawezi hata kuingiza mkonga? Kwa kicheko kile wakakubali, maana hakuna aliyeshindwa na mwenzake.

Ndovu ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Ngoja, Bi Fuko. Kwako ni chini ya mteremko. Jiwe likishuka, litapita juu ya nyumba yako."

"Najua, Mzee. Watoto nimeshawatoa."

Hapo hakucheka mtu.

Bi Fuko akaingia chini ya jiwe kwa upande wa mteremko, akachimba udongo uliolizuia, akatoka. Akaomba migomba ikatwe. Vigogo vyake vibichi, vyenye utelezi, vikatandazwa mbele ya jiwe ili msuguano upungue. Kamba zote mbili zikahamishiwa upande mmoja. Ndovu akasimama kando ya Mbogo, bega kwa bega, jambo ambalo kilima kile hakijawahi kuliona. Kima akapanda, safari hii juu ya mti, maana si mjinga.

"Vuta kwake, vuta kwake, jiwe letu litoke!"

Mvuto wa kwanza, jiwe likanguruma. Mvuto wa pili, jiwe likainama. Mvuto wa tatu, jiwe likaondoka.

"Achieni kamba!" akasema Kima, nao wakaruka kando. Jiwe zito ni gumu kulianzisha, na likishaanza ni gumu kulisimamisha. Tena lile lilikuwa limekaa juu na akiba yake ya nishati, na kila hatua ya mteremko iligeuza akiba ile kuwa mwendo. Likaenda polepole, likaenda haraka, likaenda kama limetumwa. Likapita juu ya nyumba ya Bi Fuko, nyumba ikadidimia. Likaingia bondeni kwenye mchanga, likapungua, likapungua, likasimama. Msiseme lilichoka. Jiwe halichoki, mchanga ndio uliolishika.

Na maji yakatoka, yakashuka kwa kishindo. Watoto watatu wa Bi Fuko wakakimbilia ukingoni, wakanywa mpaka matumbo yakawa duara. Mama yao akakaa juu ya kifusi cha nyumba yake. Akalia kwa nyumba, na akalia kwa furaha, na machozi ni yaleyale.

Ndovu akaja, akapiga magoti. "Bi Fuko, nimevuta kuelekea kwako mbele ya watu wote. Mila ni mila. Mimi ni mtu wa nyumba yako. Nitume."

Mbogo naye akapiga magoti kando yake. "Na mimi. Nitume, mama."

Bi Fuko akajifuta uso. Mbele yake walipiga magoti wakubwa wawili wa kilima, midomo imewakauka, na hakuna aliyegusa maji kabla ya kuambiwa.

"Kanyweni," akasema. "Nyumba tutaijenga mkishakunywa."

Wakanywa kutoka mkondo mmoja.

Funzo ni hili: nguvu mbili zilizo sawa zikivutana hazisogezi kitu, na zikielekea pamoja zinahamisha mlima. Nyumba ya Bi Fuko ilijengwa, ndiyo, ila Ndovu ndiye aliyechimba, kwa hiyo ikatoka na sebule ya kuchezea ngoma, na watoto mpaka leo hupotea wakitafuta mlango.

Ngano yangu imefika bondeni, imesimama. Kama imenoga, gawaneni. Kama chumvi imezidi, nileteeni maji.