Ndoto Iliyomezwa Pamoja na Uji

Hapo zamani, zamani ya ukungu, kabla ya uji huu ninaoukoroga na kabla yenu ninyi mnaoukodolea macho, palikuwa na kijiji kiitwacho Ikondwe, juu kabisa katika milima ya Upare. Sogeeni. Uji bado. Na wewe uliyeshika bakuli, liweke chini. Hadithi hii haisikilizwi na bakuli mkononi, na baadaye utajua kwa nini.

Ikondwe ukungu haukupiga hodi. Uliingia madirishani, ukatanda juu ya vitanda, na watu wakaota ndani yake. Waliota sana, kuliko kijiji kingine chochote. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao: ukiamka na ndoto, isimulie kabla hujatia kitu kinywani. Ukinywa uji kwanza, umeimeza. Haitakuwa yako tena, itaondoka kwenda kutafuta kitanda kingine.

Msicheke. Walikuwa Wakristo wazuri tu, Jumapili wote kanisani, na Mchungaji wao mwenyewe hakugusa chai kabla hajaisimulia yake.

Katika kijiji hicho aliishi mjane aitwaye Namkunda, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima. Wa kwanza, Naelijwa, alifuma masweta, na ndiye aliyembeba mama asubuhi kumtoa kitandani na jioni kumrudisha. Mama hakukubali mikono mingine. Wa pili, Mbonea, alipiga tarumbeta la kanisani, na hata tarumbeta likiwekwa chini mdomo wake haukupumzika. Wa tatu, Nanzia, alilima tangawizi, na huyo hakuwahi kuota hata siku moja. Alilala kama gogo akaamka kama gogo, na kijiji kizima kilimtania.

"Nanzia, umeota nini leo?"

"Nimeota nimelala," alijibu, akashika jembe akaenda zake.

Alfajiri moja Naelijwa akaota. Alijiona amesimama katika nchi nyeupe. Ardhi nyeupe, mapaa meupe, miti imejaa weupe mpaka matawi yameinama, na hakuna sauti. Mbele yake kanisa la mawe, mlango wazi. Ndani mabenchi mengi, yote matupu isipokuwa la mbele. Hapo ameketi bibi kizee peke yake. Mkono mmoja una glavu ya buluu, mwingine uko wazi, umevimba kwa baridi. Bibi akageuka akamtazama. Akasogea kidogo, kisha kwa ule mkono mtupu akaipigapiga nafasi aliyoiacha. Pa, pa, pa. Keti.

Naelijwa akaamka, na akajua ameitwa na Mungu. Nasema akajua, sisemi alidhani. Moyo wake ulikuwa umejaa kama wa bibi harusi.

Kutoka chumba cha pili mama akaita, "Naelijwa, mwanangu, umeamka? Nitoe."

Akaenda akamwinua. Mama akamzungushia mikono shingoni, mwepesi, ananukia sabuni na moshi, akamwegemezea kichwa begani. Naelijwa akasimama hapo na mama yake mikononi, akajiuliza nani atamwinua hivi akiwa yeye yuko nchi nyeupe. Akamkalisha kitini. Akaufuata uji jikoni, wa moto hivyo hivyo, akaunywa wote bila kusema neno. Machozi yalimtoka. Alipoulizwa akasema ameungua ulimi.

Ndoto ikaondoka. Haikwenda mbali, ilivuka ukuta tu.

Alfajiri iliyofuata Mbonea akaota. Nchi nyeupe, kanisa la mawe, bibi wa benchi la mbele, pa, pa, pa. Lakini ndoto iliyokwisha kumezwa hairudi nzima, na ukungu ulikuwa umeifunika mikono ya yule bibi. Mbonea aliusikia mkono, hakuuona. Haikumsumbua. Aliruka kitandani, akapita nje bila kutazama sufuria, na jua lilipotoka Ikondwe nzima ilikuwa imekwisha kusikia.

Jumapili Mchungaji akamsimamisha. "Nchi hiyo ni ipi, Mbonea?"

"Ni huko kaskazini, Mchungaji. Huko walikotoka waliotuletea Injili."

Mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Walituletea sisi, wao wakabaki bila?"

"Hawakubaki bila, mama. Wamebaki wachache, nao wamechoka. Wanataka mtu wa kuketi nao."

Basi baada ya ibada ukafanyika mnada wa sadaka pale uwanjani, na mnaujua mnada wetu. Mayai yakauzwa, ndizi zikauzwa, miwa ikauzwa. Kuku mmoja akanunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, akarudishwa tena, mpaka akachoka kulia akalala mikononi mwa mnadishaji. Nauli ya mtu mmoja ikapatikana.

Siku ya safari ikafika. Sanduku uwanjani, matarumbeta yanalia, watu wameshika leso. Mama Namkunda ameletwa na kiti chake. Mchungaji ameinua mikono tayari kumwombea Mbonea. Ndipo Naelijwa akapita mbele na kifurushi kidogo.

"Mdogo wangu, mpelekee yule bibi. Nimemfumia glavu ya buluu, ya mkono ule ulio mtupu. Unamuuma sana ule mkono."

Mbonea akakitazama kifurushi. Akakigeuza huku na huku. Kisha akasema polepole, "Dada, mimi sikuiona mikono yake."

Matarumbeta yakafifia moja moja.

"Wewe umeiona," akasema Mbonea. "Uliota kabla yangu."

Naelijwa akainamisha kichwa. "Nilikunywa uji."

Aaa! Watu wakashika vinywa. Mbonea akavua koti la safari akaliweka juu ya sanduku. "Basi aliyeitwa ni wewe. Mimi nimepiga kelele tu kwa ndoto ya mtu. Siwezi kuondoka na wito wa dada yangu mfukoni. Nenda wewe."

"Siendi. Yule bibi nilikwisha kumkatalia. Nikimkatalia na mama leo, nitamtazamaje Mungu? Nenda wewe uliyesema."

"Nenda wewe uliyeona."

"Nenda wewe!"

"Wewe!"

Ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni, ukalifunika sanduku, ukafunika miguu ya watu, ikawa kama wote wanaelea na hakuna anayekwenda popote.

Nanzia alikuwa amesimama nyuma, ametoka shambani na udongo wa tangawizi vidoleni. Akasema, "Jamani, yule bibi ana baridi."

Wakageuka.

"Mnapeana ndoto hapa, shika wewe, hapana shika wewe, na mwenzenu ameketi mkono wazi anasubiri."

"Nanzia," Mchungaji akasema kwa upole, "wewe hukuitwa, mwanangu."

"Sikuitwa, Mchungaji. Lakini nimesikia."

Akanawa mikono. Akalivaa koti la Mbonea, akaichukua glavu ya Naelijwa, akapiga magoti mbele ya mama. Mama akatia maji ya asali kinywani mwake mwenyewe, akampulizia mwanawe kifuani, kama wanavyobarikiwa watoto wa kule waendao mbali. Nanzia hakuwa jasiri, nataka mjue hilo. Aliogopa mpaka meno yakagongana, lakini alinyanyua sanduku akaingia kwenye ukungu.

Akafika nchi nyeupe. Akaosha vyombo vya watu, akajifunza maneno yao, na kila Jumapili aliingia kanisa jingine kutazama benchi la mbele. Mengine yalikuwa yamefungwa. Mengine walimuuliza kama amepotea, akasema hapana, natafuta mtu. Aliketi nao, akasali nao, akaimba nyimbo za Ikondwe, kisha akaenda lingine. Hakuwa na ndoto ya kumwongoza, alikuwa na glavu tu. Kuna siku alilia barabarani machozi yakaganda.

Hata Jumapili moja ya theluji akaona kanisa la mawe, mlango wazi. Akaingia. Benchi la mbele, bibi kizee peke yake, mkono mmoja glavu ya buluu iliyopauka, mwingine mtupu. Bibi akageuka. Akasogea. Pa, pa, pa. Na Nanzia, ambaye hakuwahi kuota, alifikiri sasa ndiyo anaota, akajifinya.

Akaketi. Akamvisha glavu, ikamkaa sawasawa.

"Umekawia," bibi akasema.

"Nilikuwa mbali, bibi."

Wakaimba wawili. Sauti zikatoka mlangoni zikaenda kwenye theluji, na Jumapili iliyofuata mtu akaja kuuliza nani anaimba. Akaja mwingine. Miaka ikapita, na benchi la mbele likajaa, na la pili nalo.

Bibi alipokaribia kufa aliomba jambo moja. Kule kwao huchonga jina la mtu pembeni mwa benchi, libaki hapo hata yeye akiondoka, watoto walipapase kwa vidole wakati wa mahubiri. Akasema, "Nafasi iliyo kando yangu mchongeni jina la yule niliyemwita." Akafumba macho.

Fundi akaja na patasi. Nafasi ilitosha jina moja. Nanzia akamwambia, "Ngoja." Akasafiri mpaka Ikondwe, akaketi jikoni kwao, akawasimulia.

"Jina lako, Nanzia," akasema Naelijwa. Lakini akaweka chini kazi yake ya kufuma. "Hapana, sitasema uongo tena mbele ya sufuria hii. Ninalitaka. Niliitwa mimi. Kila asubuhi nikimwinua mama naisikia pa, pa, pa. Nilibaki ili mama asibaki peke yake, na ile glavu isingekuwepo yule bibi mngemtambua kwa kitu gani?"

Mbonea akasema, "Na mimi nalitaka. Dada aliimeza. Nisingepaza sauti, ingefia tumboni, na hata mnada usingekuwepo. Kisha nikaiachilia mbele ya kijiji kizima, nao wananicheka mpaka leo. Mnadhani ilikuwa rahisi?"

Nanzia alikuwa anatazama mikono yake. "Mimi hakuna aliyeniita. Ila niliketi. Miaka yote ile niliketi mimi, na alipokufa nilimshika mkono mimi. Sijui kama hilo ni wito."

Wakamtazama mama awaamue. Mama Namkunda alikuwa analia bila sauti.

"Mimi niliiota kabla yenu," akasema. "Naelijwa alikuwa bado tumboni. Kanisa lile lile, lakini mabenchi yalikuwa yamejaa, imebaki nafasi moja tu mbele, karibu na mwanamke. Mwanamke wa makamo, wanangu, mwenye glavu zote mbili. Akanipigia benchi. Nikanywa uji."

"Mama! Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ningesemaje? Wakati ule nilikuwa na miguu, sikuwa na kisingizio."

Haya. Hapo ndipo ninapoachia mimi. Kule kwenye theluji fundi bado amesimama, patasi mkononi, na ubao una nafasi ya jina moja. Wa kwanza, mama, aliona akameza akiwa na miguu. Wa pili aliona akameza akiwa na mama mikononi. Wa tatu alisema akaachilia. Wa nne hakuona kitu, akaenda.

Uji umeiva sasa, nausikia. Lakini wewe, nimekwambia bakuli chini! Na ukome kunitazama hivyo, maana nimekuona tangu asubuhi una kitu hujakisema. Kinywa bado kitupu, kitumie. Je, fundi achonge jina la nani?