Njahi ya Udongo

Mnaniuliza kwa nini tunazika chakula, na ninawaona mnavyotazamana. Nyinyi mmeolewa huku kutoka upande wa mlima wenye mvua, ndiyo maana mkiona njahi, haya maharage yetu meusi, imechanua vizuri halafu plau inapita juu yake, mnadhani tumerukwa na akili. Haya, kaeni. Ng'ombe wapumzike kidogo, niwaambie.

Hapo kale mgongo huu wa mlima ulijua ngano tu. Watu walivuna wakapanda, wakavuna tena wakapanda tena, na udongo ukatoa bila kunung'unika. Mwisho ukachoka. Masuke yakawa mafupi, udongo ukapauka kama majivu, na hata hii mvua yetu haba ikinyesha iliteleza juu ikaenda zake. Nyumba moja baada ya nyingine zikafunga mizigo na kuhamia bondeni.

Mwanamume mmoja, Mutwiri, naye akamwambia mkewe, Nkirote, kwamba ngano ikikataa tena watahama. Nkirote hakutaka hata kusikia. Kifungua mimba wake alikuwa amezikwa ukingoni mwa shamba lao, na moyo ulimuuma sana kumwacha peke yake mahali pasipo na watu.

Wakati huo alikuwa amejifungua mtoto wa pili. Mama yake alimletea njahi, kama sisi sote tunavyoletewa tukizaa, ili damu irudi na maziwa yashuke. Siku moja alikuwa ameketi mlangoni anakula huku akitazama shamba. Mkono ukakwama kwenye bakuli, machozi yakamtoka.

"Mimi nimezaa mara mbili na nimeletewa njahi mara mbili," alimwambia mama yake, akionyesha shamba. "Huyu anazaa kila mwaka. Nani amewahi kumpelekea hata bakuli moja?"

Njahi mbichi iliyobaki hakuipika tena. Mvua ilipoanza aliipanda shamba zima, mahali pa ngano. Mutwiri aliwaka kwa hasira, lakini mbegu zilikuwa zimeshaingia ardhini, afanye nini? Akaenda kuchunga ng'ombe wa watu, na mwaka ule wakaishi kwa maziwa ya ujira.

Njahi ilipojaa maua ya zambarau, majirani walikuja kuulizia maganda yatakuwa tayari lini. Wakamkuta Nkirote nyuma ya plau anafukia kila kitu. Walicheka mpaka wakashika mbavu, wakasema uzazi umempanda kichwani. Mumewe alikuja mbio akamsihi angoje maganda tu, wapate hata cha kupika.

"Mtu akimpelekea mzazi chakula, hukila njiani?" Nkirote alimuuliza. Kisha akamwonyesha mizizi. Ilikuwa na vifundo vidogo, na alipopasua kimoja ndani kilikuwa chekundu. Akamwambia damu ndiyo hiyo inarudi, na kwamba maganda yakikomaa yataila damu hiyo yote, halafu yatakunywa na maji ambayo ngano inayasubiri. Mutwiri akapokea plau, akamaliza mistari iliyobaki.

Msimu uliofuata ngano ilitoka na rangi ambayo watu walikuwa wameisahau, na mvua ikinyesha ilizama. Wale waliocheka walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na sufuria ya njahi iliyopikwa, kwa sababu waliona haya: mwenzao alilisha udongo na hakuna aliyemlisha yeye.

Na tangu siku hiyo, shamba lililozaa ngano hupewa mwaka wake wa njahi, ikafukiwa ingali na maua, na mwenye shamba hapiki siku hiyo. Chakula chake hutoka kwa jirani. Sufuria ile mnayoiona pale imeletwa asubuhi hii. Hakuna aliyehama tena. Kaburi la yule mtoto lipo pale ukingoni, na plau hulizunguka. Sasa kuleni, tumalize kipande kilichobaki.